Kununua gari la kulala lililotumika ukiwa Mwanza: lala chini yake kabla hujalala ndani yake

Muuzaji anayeijua kazi yake hakufungulii boneti. Anafungua mlango wa pembeni, anawasha taa za ndani, anakaa kitandani na kudunda mara mbili ili uone godoro lilivyo zuri, anafungulia bomba la sinki mpaka maji yatoke. Watoto wanagombania kitanda cha juu, mama yao anapima kwa macho mahali pa jiko la gesi, na wewe umeshaanza kuhesabu fedha kichwani. Biashara imekwisha, na hakuna aliyetazama gari.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Gari langu la kwanza la aina hii lilikuwa Coaster iliyowahi kuwa basi la shule, ndani imepigwa mbao za mninga hadi darini. Nililinunua jioni. Kesho yake fundi wangu wa Nyakato aliinama chini ya gari, akakaa kimya muda mrefu, halafu akatoka na maneno mawili: injini iliyomo siyo iliyoandikwa kwenye kadi, na shako ya springi ya nyuma, kile kiungo kinachoishikilia springi kwenye chasisi, imeungwa kwa kipande cha nondo. Vile vitanda vya mninga seremala yeyote angenitengenezea kwa wiki mbili. Karatasi za injini zilinila miezi minne.

Kwa hiyo tutaanzia chini kabisa, kwenye chasisi (mafundi wengi hutamka chesesi), tupande kwenye injini, na godoro utalitazama siku ambayo huna jingine la kutazama.

Hatua ya kwanza: taja njia zako kwa majina

Usianze na gari, anza na safari. Mtu wa Mwanza anayetaka kulala Lamadi, kuingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka na kuendelea Musoma ana mahitaji tofauti na anayetaka kuvuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe. Lami ya kwenda Bunda haina shida na gari lolote zima. Ndani ya hifadhi barabara imejikunja kama bati, na bati lile hutikisa kila skrubu ya kabati lako kwa saa nzima mfululizo. Kwenye kivuko tatizo ni mkia: gari lenye urefu mwingi nyuma ya ekseli ya nyuma hukwaruza sahani ya kupandia. Upande wa Geita mambo yamekuwa mepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani kivuko cha pale nacho kilikuwa sehemu ya hesabu.

Halafu kuna udongo. Usukumani tunajua tofauti ya luseni na mbuga bila kusoma kitabu. Kwenye luseni, mchanga wa kilimani, mvua ikikatika asubuhi mchana unapita. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa bondeni kule Magu na Kwimba, tone la mvua linatosha: tairi zinavaa tope mpaka zinajaa ndani ya madigadi, na gari la tani 5 linakaa pale mpaka wenye ng'ombe wakuonee huruma. Kama shamba lenu la familia liko mbugani, weka akilini sasa hivi kwamba basi dogo la magurudumu mawili ya kusukuma litakufikisha huko kiangazi tu.

Hatua ya pili: chagua chasisi

Marekani, ambako magari haya ni ya kawaida, mjadala huwa kati ya chasisi ya lori la Ford yenye injini ya petroli ya V10 ya lita 6.8 mbele, na chasisi ndefu yenye dizeli kubwa iliyowekwa nyuma. Ulaya wengi wako kwenye Fiat Ducato au Mercedes Sprinter. Huku kwetu mjadala huo hautuhusu sana. Usukani wake mara nyingi uko kushoto, na spea zake haziuzwi Igoma. Isipokuwa ni mgeni aliyezunguka Afrika na gari lake na sasa anataka kurudi kwao kwa ndege. Gari kama hilo huuzwa kwa bei ya kutamanisha. Muulize aliingiza kwa karatasi gani. Likiwa liliingia kwa karneti (kitabu cha kupitishia gari mipakani kwa muda) au kibali cha muda, halijalipiwa ushuru, na huwezi kulisajili kwa jina lako mpaka TRA wamalizane nalo. Bei ya kutamanisha ongeza ushuru, halafu tamani tena.

Kilichopo kwa wingi ni asili ya Japani, na kinagawanyika hivi.

Hiace. Model ya 200, iliyoanza 2004, haina fremu ya kujitegemea. Bodi na sakafu ndiyo chasisi. Kwa watu wawili wanaolala mjini na kwenye lami, hakuna kinachoishinda kwa wepesi. Lakini ukiikata paa ili kuinua dari, umekata sehemu ya mifupa yake. Ukikuta Hiace iliyoinuliwa paa na fundi wa mtaani, simama mlangoni ufungue na kufunga mlango wa kusukuma mara kadhaa gari likiwa limepandisha gurudumu moja juu ya jiwe. Mawe Mwanza hatukosi. Mlango ukikwama, bodi inajipinda.

Kenta. Namaanisha lori dogo la aina yoyote, maana hapa Isuzu Elf na Toyota Dyna nazo watu huziita Kenta. Hii ina fremu kamili, reli mbili za chuma kama ngazi, na juu yake unaweza kuweka nyumba yoyote. Uzuri wake ni nguvu. Ubaya wake ni kwamba fremu ya ngazi imeumbwa ijikunje. Gurudumu moja likizama shimoni, reli moja inashuka na nyingine inabaki, na hiyo ndiyo inayolifanya lori liweze kutembea porini. Sasa mtu akichukua boksi gumu la chuma na mbao akalichomelea moja kwa moja kwenye reli, lazima kimoja kishindwe. Kwa kawaida ni boksi: nyufa huanzia kwenye kona za madirisha na za mlango. Mara chache ni fremu, na hapo ni hatari. Kagua boksi limeshikwa kwa namna gani. Unataka kuona fremu ndogo ya pili iliyokaa juu ya reli, imefungwa kwa bolti, upande mmoja ikiwa na springi au mipira inayoruhusu mchezo. Ukiona alama za kuchomelea kwenye mabawa ya juu au ya chini ya reli kuu, ondoka. Moto wa kuchomelea hulainisha chuma mahali pale pale kinapobeba mzigo.

Japani wana Toyota Camroad, Dyna iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya nyumba za safari, na baadhi zimeanza kuonekana kwa waagizaji. Ni nzuri, ila zingine zina tairi moja moja nyuma badala ya tairi pacha. Nyumba imejaa, tairi zile zinafanya kazi karibu na kikomo chake, na kwenye jua letu sitaki kuwa nyuma ya tairi iliyo karibu na kikomo. Tafuta zenye pacha.

Mabasi madogo, yaani Coaster, Rosa na Civilian. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, pamoja na yale yaliyonipata. Basi limeshajengwa na kiwanda kubeba watu zaidi ya 20 na mizigo yao, dari inatosha mtu kusimama, na madirisha yanapitisha upepo wa ziwa. Coaster iliyoingia sokoni 1993 ilitengenezwa mpaka 2017 bila kubadilika sana, kwa hiyo milango, taa na breki za magari ya miaka hiyo vinapatikana mpaka kwenye maduka ya Buzuruga. Fupi ina mita 6 na robo hivi, ndefu inakaribia mita 7. Chukua fupi kama Ukerewe iko kwenye orodha yako. Rosa ilikuwa na toleo la magurudumu manne ya kusukuma, ambalo namba yake ya model huanza na BG badala ya BE. Ni adimu, na ukiipata iliyo nzima usimwambie mtu mpaka ulipe.

Udhaifu wa basi ni kutu: chini ya vioo, kwenye matao ya magurudumu, kwenye ngazi ya mlango wa abiria. Rangi mpya sehemu hizo tu ni habari mbaya. Pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Penye pati nyingi haing'ang'anii.

Hatua ya tatu: chagua injini kwa kumtazama fundi

Watu huuliza injini ipi ina nguvu. Swali lenye faida ni hili: ikizimika Lamadi saa kumi jioni, nani ataifungua?

Kwa kipimo hicho 1HZ ya Toyota, silinda 6, lita 4.2, haina mpinzani kanda hii. Ndiyo iliyo kwenye Land Cruiser za watalii na magari mengi ya wagonjwa, na ndiyo iliyo kwenye Coaster nyingi. Haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), haina kompyuta, pampu yake ni ya kimakanika. Nguvu farasi zake ni kama 130, na kwenye Coaster iliyojaa vitanda utapanda mlima nyuma ya malori bila haya. Kumbuka pia kwamba ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari; injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo Mwanza peke yake imeshakula kama sehemu ya kumi. Ukifika ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, imekwenda karibu robo. Wapo wanaoifunga turbo ya mtaani ili kufidia. Mimi nikiona turbo kwenye 1HZ ambayo kiwanda hakikuiweka, napunguza bei au naondoka, maana mwenye kuifunga hakuifunga ili aende polepole.

Ukitaka nguvu ya kiwandani kuna 1HD, ndugu yake yenye turbo. 1HZ na 1HD zote zina taimingi belti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ikikatika, vali na pistoni zinakutana, na kukutana kwao ni gharama. Taa ya kukumbusha huwaka kwenye dashibodi, ila inaweza kuzimwa bila belti kuguswa. Usiiamini taa, amini risiti, na kama hakuna risiti hesabu belti kuwa ya zamani.

14B na 15B za Toyota, TD42 ya Nissan Civilian, 4D33 ya Mitsubishi na 4HF1 ya Isuzu hazina belti hiyo kabisa. Zinaendeshwa kwa gia. Zinaunguruma, zinatikisa vikombe kabatini, na zinaishi. 4D33 na 4HF1 ndizo zinazobeba matofali na nyanya nchi nzima, kwa hiyo nozo (vinyunyizio vya dizeli), ringi na gasketi zake unazipata hata kwenye duka linalouza pia chumvi na sabuni. Ukinunua nyumba iliyo kwenye Kenta, hizi mbili ndizo za kutafuta.

Sasa mpya zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 magari ya kazi ya Japani yalihamia kwenye nozo za umeme, na mengi yakafungwa chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Japani dizeli ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni tangu 2007. Afrika Mashariki tulishuka hadi 50 mwaka 2015, hatua kubwa, lakini si 10. Chujio lile hujaa mapema, taa inawaka, gari linakosa nguvu, na fundi wa kijijini atakushauri likatwe. N04C ya Coaster, 4M50 ya Rosa na Civilian za mwisho, 4HL1 ya Isuzu, 1KD ya Hiace: zote ni injini nzuri, zinakula mafuta kidogo na zinapanda milima. Zinahitaji kichujio safi cha dizeli, mashine ya kupima na fundi wa umeme. Kama safari zako ni Mwanza, Bunda, Musoma na kurudi, wataalamu hao wapo mjini, chukua. Kama unakwenda Kigoma kwa kuzungukia Kibondo, rudi kwenye chuma cha zamani.

Kuna jambo moja la historia linaloeleza kwa nini dizeli za miaka ya 1990 zilijaa kwetu zikiwa bado na afya: Oktoba 2003 jiji la Tokyo na mikoa jirani ilipiga marufuku dizeli chafu za zamani barabarani mwake. Nyingi zilipanda meli. Kwa hiyo umri mkubwa peke yake si dosari. Tazama gari lilifanya kazi gani baada ya kushuka.

1KZ ya Hiace na Prado za zamani naitaja kwa onyo tu. Ikichemsha mara moja kwa uzito, silinda hedi huelekea kupasuka. Ukiipata haijawahi kuchemka, sawa. Muuzaji atakwambia haijawahi.

Hatua ya nne: soma namba

Hii ni ya dakika 10. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na namba ya injini vilevile. Kwenye Toyota Coaster herufi za mwanzo za model zinakwambia kilichotoka kiwandani: HZB ilizaliwa na 1HZ, HDB na 1HD, BB na 14B au 15B, XZB na N04C. TRB na RZB ni petroli. Ukisoma HZB kwenye sahani na ukaona injini nyingine ndani, imebadilishwa, na swali ni kama kadi inajua. Kama haijui, muuzaji akamalize TRA kwanza kwa jina lake. Usikubali ile ya "kaka, wewe lipa, hayo tutayarekebisha pamoja." Mimi ndiye niliyekubali.

Usidanganyike pia na herufi za namba ya usajili. Namba D au E inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi lilitengenezwa lini.

Hatua ya tano: lala chini

Vaa nguo za kazi, beba tochi, nyundo ndogo, futi ya kupimia na timazi. Gari liwe kwenye sakafu ya saruji. Mwenye gari akikataa ulale chini yake, umeshaokoa fedha.

Anza na kutu, kwa akili ya Mwanza. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kulala ufukweni hakuli gari kama kulivyo Tanga au Unguja. Lakini Kenta iliyobeba kayabo, wale sangara wa chumvi wanaosafirishwa kwenda Kongo, imekunywa maji ya chumvi miaka mingi kupitia mbao za bodi, na chumvi imetulia ndani ya reli. Boksi jipya likiwekwa juu huoni kitu. Gonga reli kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hujibu kwa sauti ya kopo. Nusa pia. Sitanii, harufu ya dagaa haitoki kwenye sakafu ya mbao hata ikipakwa rangi mara tatu, na mvua ikinyesha utaijua. Kutu ya aina nyingine huja na magari ya sehemu za theluji za Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Hiyo hukaa zaidi kwenye mabomba ya breki na kwenye springi.

Kisha unyoofu. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, magurudumu yakiwa yamenyooka. Tofauti ikizidi sentimita moja, uliza ajali. Halafu dondosha timazi kutoka nukta nne zinazofanana kwenye fremu, mbele mbili na nyuma mbili, weka alama sakafuni kwa chaki, sogeza gari, upime mistari miwili inayokatana. Iwe sawa. Isipokuwa sawa, fremu imekwenda upande, na hakuna fundi wa usukani atakayeinyoosha kwa kufunga tairodi mpya.

Kenta za mchanga na za mawe ndizo zinazoongoza kwa hili, pamoja na zile zilizorefushwa chasisi. Kurefusha si dhambi kukifanywa vizuri, lakini kiungo kinaonekana: tafuta mshono wa kuchomelea, bamba la ziada pembeni ya reli, na propela shafti yenye kipande kipya. Mshono ukiwa umenyooka wima kama kisu kilivyokata mkate, aliyefanya kazi hakujua. Anayejua hukata kwa mshazari na kuweka bamba ndani.

Vingine pita haraka: springi zisiwe na bapa lililovunjika au kung'aa pembeni, yu-bolti ziwe zimekaza, shako na pini zisicheze, bushi zisiwe zimemeguka, difu na gia boksi zisiwe zimelowa oili. Tairi soma tarakimu nne za mwisho kwenye ukuta wake. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya kulala husimama muda mrefu, kwa hiyo kashata (meno ya tairi) zinaweza kuwa nzima na mpira umekufa. Zaidi ya miaka 6 au 7, weka bei ya tairi sita kwenye mazungumzo.

Hatua ya sita: injini iwe baridi

Mpigie muuzaji usiku umwambie asiwashe gari mpaka ufike. Ukifika, salimia, mwangaluka mwangaluka, na wakati mnasalimiana weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto saa moja asubuhi, amekuficha jinsi inavyowaka.

Fungua rejeta ingali baridi. Maji yawe na rangi ya kupoozea, yasiwe ya kutu wala na mafuta yanayoelea. Toa kipimo cha oili: weusi ni wa kawaida kwa dizeli, rangi ya chai ya maziwa si ya kawaida kwa injini yoyote. Washa huku mwenzako akitazama bomba la moshi. Moshi mweupe wa nusu dakika asubuhi unasameheka; ukiendelea na harufu ya dizeli mbichi, mgandamizo umechoka au nozo zinamwaga. Bluu ni oili inayoungua. Mweusi ukipiga resi mara nyingi ni kichujio cha hewa au pampu iliyofunguliwa ili gari lionekane lina nguvu siku ya mauzo.

Gari likiwa linanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu lake bila kukaza. Kikitikisika kidogo, vizuri. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa msukumo kama wa treni, ringi zimekwisha na oveholi iko njiani. Minya hozi ya juu ya rejeta dakika mbili baada ya kuwasha. Ikiwa tayari ngumu kama mpira wa baiskeli wakati maji bado baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi au hedi ina neno.

Utasikia "injini haijafunguliwa hii." Kwa muuzaji ni sifa. Mimi napenda zaidi iliyofunguliwa na fundi ninayeweza kumpigia simu kuliko isiyofunguliwa ya kilomita zisizojulikana.

Hatua ya saba: ipeleke na mzigo

Mzunguko mmoja wa Kirumba hautoshi. Jaza tanki la maji, pakia watu sita, panda kilima cha Bugando kwa gia inayostahili, halafu toka kwa barabara ya Shinyanga hadi Usagara. Tazama mshale wa joto, si mandhari. Uko katikati na unabaki katikati, endelea. Ukipanda polepole kwenye mlima na kushuka kwenye tambarare, rejeta imeziba au feni haishiki. Kwenye mwendo wa kilomita 50 tia gia ya nne ukanyage ghafla: mlio ukipanda na gari lisipoongeza mwendo, klachi imekwisha. Achia usukani kidogo mahali salama. Piga breki kali mara moja, usikilize kabati zipi zinafunguka na gari linavuta upande gani.

Hatua ya nane: mizani

Usagara pana mizani ya TANROADS, na mizani ya jineri za pamba nayo inafaa ukiomba vizuri. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima, likiwa limejaa kama litakavyosafiri. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye sahani ya gari au kadi.

Hesabu hii wengi huiruka na ndiyo inayoua springi na tairi. Tanki la maji la lita 150 ni kilo 150. Dizeli lita 95 ni kama kilo 80. Mitungi ya gesi, betri za sola, jenereta, watu watano, mchele wa safari: unapita kilo 700 kabla hujaweka boti ya kupuliza. Na mahali pa mzigo pana maana kuliko mzigo wenyewe. Tanki la maji likiwekwa nyuma kabisa ya ekseli, linafanya kazi kama mtoto mzito kwenye bembea ya ubao: linainua mbele, usukani unakuwa mwepesi kwenye lami, na mkia unashuka kuelekea ile sahani ya kivuko cha Kisorya. Ukikuta ekseli ya nyuma iko kwenye kikomo na ya mbele ina nafasi, tanki linaweza kuhamishwa katikati kwa siku moja. Ukikuta zote mbili zimepita, nyumba ni nzito kuliko gari, na hakuna springi ya kuongeza itakayobadilisha breki zake.

Ukishalipa na kadi imebadilishwa jina, usiende popote kwanza. Badilisha oili na vichujio vyote, belti kama injini inayo, hozi za maji zote kwa pamoja, na mafuta ya difu. Angalia pia kama umeme wa gari ni wa volti 24, kama ulivyo kwenye Coaster na Kenta nyingi za dizeli. Kifriji na taa za volti 12 zilizounganishwa kwenye betri moja kati ya mbili huiua betri hiyo taratibu, na fundi wa umeme atatakiwa kufunga kipunguza volti. Halafu nenda Lamadi, usiku mmoja tu, karibu na nyumbani, uone kinachovuja.